Maji ya Kunde na Mwanamke wa Bati

Niliwahi kuoga maji ya kunde. Nimelikana jambo hili mbele ya mume wangu, mbele ya wanangu, na mara moja ukumbini mbele ya wanawake wasomi wenzangu, nilipoalikwa kuzungumzia namna matangazo ya biashara yanavyomfundisha mwanamke kuuchukia mwili wake. Nilizungumza vizuri, kama kawaida yangu. Niliwataja wanawake wa Dar es Salaam, wa Nairobi na wa Ulaya, wote waliodanganywa na karatasi. Mwishoni mama mmoja akaniuliza kama mimi mwenyewe niliwahi kudanganywa. Nikamjibu kwamba nilikulia Njombe zama za Mwingereza, na Njombe ya wakati ule haikuwa na matangazo, ilikuwa na ukungu. Watu wakacheka, nikanywa maji, nikaketi.

Haikuwa kweli. Ukungu ulikuwepo, lakini bati la tangazo nalo lilikuwepo.

Majuzi jirani yangu wa ghorofa ya chini alisahau sufuria ya kunde jikoni, maji yakakauka, harufu ikapanda ngazi mpaka mezani kwangu, nilipokuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi. Ni harufu nzito, yenye udongo ndani yake. Kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimekunja mkono wa blauzi, ninajinusa kuanzia kiwiko hadi kiganja. Mtu wa umri wangu na cheo changu akijikuta katika hali hiyo, njia iliyobaki ni kuandika.

Bati hilo lilipigiliwa kwenye ukuta wa nje wa duka la Mhindi pale Njombe mjini, juu ya baraza alipokuwa akishonea Fundi Shomari. Lilitangaza sabuni. Mwanamke aliyechorwa juu yake alikuwa ameegemeza shavu kwenye kipande cha sabuni kama mtu anayenong'onezwa siri. Alikuwa Mwafrika, na hilo ndilo lililotuumiza. Angekuwa Mzungu tungempita kama tulivyowapita Wazungu wote, kwa heshima na bila kujilinganisha. Huyu alikuwa wetu, kasoro kila kitu. Shingo yake ilikuwa ndefu, mabega yakiteremka taratibu, kiuno kimekatika kama cha dondola, na ngozi yake ilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa bila uchoyo. Chini yake paliandikwa kwamba sabuni ile huleta ngozi laini na mwili wa kupendeza. Niliyasoma maneno hayo bila kukwama, nikajivuna, kisha nikaanza kuyafikiria. Hadi siku ile sikujua kwamba mwili ni kitu kinacholetwa. Nilidhani unakuja wenyewe, kama jina la ukoo.

Kabla ya bati nilikuwa mtoto mzuri. Sijisifu, natoa taarifa tu. Kwetu mtoto wa kike alipimwa kwa mambo yanayoonekana: kama mashavu ya miguu yake yamejaa, kama shingo yake inabeba ndoo bila kuyumba kwenye mteremko wa matope, kama akiingia shamba la pareto linajua kwamba ameingia. Bibi yangu alikuwa akinishika mkono juu ya kiwiko, ananiminya, halafu anasema kwa Kibena maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyaita "huyu yupo". Nilikuwepo. Nilikuwepo kuliko watoto wengi wa rika langu.

Kisha akaja Yudita. Alikuwa binti wa mama yangu mdogo, aliyeolewa Makambako na karani wa kituo cha mabasi. Aliletwa kwetu asome shule ya misheni, akapewa nusu ya kitanda changu. Alinizidi umri kidogo, na katika mengine yote alikuwa mdogo kuliko mimi: viwiko, vifundo, hata sauti. Alikuwa na gauni la ndani lenye lesi chini, na mwanya kwenye meno ya mbele ambao wageni waliutazama mpaka wakasahau walichokuwa wakisema. Sikumchukia. Nilikuwa tu nikitambua, kila asubuhi tulipovaa, kwamba kitanda kile kimoja kimegawiwa watu wawili kwa dhuluma.

Jumamosi moja mama alitutuma kwa Fundi Shomari na magauni yetu ya shule, la Yudita likapunguzwe na langu likapanuliwe. Fundi alikuwa mtu wa Kilwa, na sikuwahi kuelewa alifuata nini kwenye baridi ile. Alishona akiwa ndani ya koti la jeshi lililomzidi, na alitusemesha Kiswahili kirefu chenye madaha. Sisi tuliokipata Kiswahili kwenye vitabu vya shule na nyimbo za kanisani tulimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya nyasi, akijua ni mvua bila kufuata kila tone.

"Geuka, binti," alimwambia Yudita, pini zikiwa mdomoni. "Inua kidevu. Ee, hivyo. Huyu ndiye maji ya kunde mwenyewe. Mwaona? Pacha wa huyo wa kwenye bati."

"Na mimi?" niliuliza.

Alinitazama kuanzia juu kwenda chini, na kazi hiyo ikamchukua muda.

"Wewe mwanangu una nguvu," alisema. "Hebu nishikie upindo huu."

Aliyezaliwa Kilwa au Tanga anajua kwamba maji ya kunde ni rangi ya mtu asiye mweusi sana wala mweupe, na kwamba ukiambiwa hivyo umesifiwa. Mimi sikuzaliwa huko. Kwangu mimi maji yalikuwa maji na kunde zilikuwa kunde. Nilichosikia ni kwamba mtu mzima mwenye cherehani yake ameeleza waziwazi, mbele yangu, jinsi Yudita anavyoupata uzuri wake.

Njiani kurudi nyumbani, tukipita kwenye miti ya miwati, nilipanga mambo kichwani na yote yakaingiana. Njombe hatukulima kunde. Tulikuwa na maharage, njegere na viazi, na baridi haikuruhusu zaidi. Kunde zilitoka mabondeni kwenye joto, zikafika Makambako ndani ya magunia, na Makambako ndiko alikotoka Yudita. Mama yake alikuwa akimtumia mfuko wa kunde kwa mkono wa dereva wa basi, na Yudita hakukubali mtu mwingine azipike. Nilikuwa nikidhani ni ulafi. Kumbe mwenzangu alikuwa akijitengeneza, palepale jikoni kwa mama yangu, kwa kuni nilizobeba mimi.

Nilianza kumpeleleza. Nilimwona akimwaga maji ya kunde nyuma ya jiko, kisha akafuta viganja vyake kwenye magoti. Kwenye magoti, jamani. Kitandani nilimnusa bega, lilinuka moshi kama langu, nikahitimisha kwamba huwa anasuuza. Nimesoma tasnifu nyingi tangu wakati ule, na nathubutu kusema kwamba nyingine zimesimama juu ya ushahidi hafifu kuliko huo.

Muhula ulipokaribia kwisha Fundi Shomari alituletea habari. Gari la watu wa sabuni lingepita Makambako wakati wa likizo, na ndani yake mna bwana mwenye kamera. Angewapiga picha wasichana wenye ngozi nzuri, na mmoja wao angechapishwa na kupelekwa kila duka kuanzia kwetu mpaka pwani. Aliposema hivyo alikuwa akimtazama Yudita. Mimi nilikuwa nikilitazama bati. Nilitaka uso wangu uwe pale. Sijawahi kutaka kitu chochote namna ile, si shahada, si mume, wala hata mtoto wangu wa kwanza, aliyekuja kabla sijapata nafasi ya kumtamani. Nilimwomba mama niende likizo na Yudita nikamsaidie mama mdogo kazi. Mama alishangaa kidogo, kisha akanifungia nguo.

Makambako ya siku zile ilikuwa njia panda yenye upepo. Ulianza asubuhi, ukabeba vumbi na majani, na watu walizungumza kwa sauti ya juu kwa sababu yake. Mama mdogo alizungumza kwa sauti ya juu hata upepo ulipotulia.

"Mama mdogo, leo nipike mimi kunde," nilimwambia siku ile ile tuliyofika.

"Wewe si mgeni?"

"Nazipenda."

"Haya, mwanangu. Yudita, umemsikia mwenzio? Wewe tangu ushuke kwenye basi kazi yako kioo."

Ilikuwa kweli. Yudita alikuwa akijitazama kwenye kioo cha baba yake cha kunyolea, uso umemkunjamana, na mimi nilisema moyoni, tazama huyo, anakagua mali yake.

Nilichemsha kunde kwa maji mengi, nikayachuja kwenye debe, nikalificha nyuma ya bafu la mabua. Kunde zenyewe zilifika mezani kavu, na karani wa kituo cha mabasi alizitafuna kimya kimya, kwa adabu za kiofisi. Jioni niliingia bafuni, nikajimwagia maji yale ya kahawia kuanzia utosini, wala sikusuuza, maana dawa haisuuzwi. Yalipokauka ngozi ilinivuta, nikitabasamu nasikia mpaka kwenye masikio. Nzi walinipenda. Mbwa wa jirani, aliyekuwa akinibwekea, sasa alinifuata kisimani kwa heshima. Na siku moja, nikigeuza mkono juani, niliona kiwiko kimeanza kubadilika. Mtu akitaka sana kuona jambo, kiwiko kinamtosha.

Alasiri moja Yudita alivuta gunia la mlango wa bafu bila kubisha hodi.

"Unafanya nini na maji ya mboga?"

"Unajua."

"Sijui. Nyumba nzima inanuka, na kumbe ni wewe."

"Nafanya unachofanya wewe. Usinione mjinga, Yudita. Fundi alisema mbele yangu kwamba wewe ni maji ya kunde."

Nilitegemea acheke au abishe. Badala yake aliketi juu ya jiwe la kuogea, lililokuwa limelowa, na gauni lake safi.

"Kumbe na wewe ulisikia," alisema. "Nilidhani hukusikia."

"Nilisikia vizuri."

"Nimemkosea nini yule mzee hata aniite maji ya kumwaga?"

Nilikuwa na kikopo mkononi, kikabaki hewani. Yudita naye alikuwa mtoto wa Kibena, na Kiswahili chake kilitoka kwenye vitabu vilevile vilivyonipa mimi changu. Kwake yeye maji ya kunde yalikuwa yale machafu yanayomwagwa kunde zikiiva, na mzee wa watu amemwambia hadharani kwamba ndivyo alivyo. Ndiyo maana hakuachana na kioo. Alikuwa akitafuta uchafu.

"Wewe alikusifu," aliendelea, na sauti yake ikawa ndogo kuliko kawaida. "Alisema una nguvu. Mimi nikashikwa shikwa kidevu na kutukanwa. Halafu kila siku nalala pembeni yako, nakuona ulivyojaa, najiuliza kwa nini mama yangu hakunizaa hivyo."

Ningependa kuandika kwamba tulikumbatiana tukaelewana. Ukweli ni kwamba nilipata raha, raha tele, iliyopanda kutoka miguuni. Mtu mwenye mwanya na gauni la lesi alikuwa akinionea wivu mimi. Nilikaa nayo kidogo raha hiyo kabla sijamweleza nadharia yangu: kwamba fundi hakutukana, alitaja dawa, na kwamba yule wa kwenye bati bila shaka huanza na kunde ndipo aguse sabuni. Yudita alifikiri, akinusa mkono wangu.

"Yamebaki?" aliuliza.

Tangu siku ile tulioga wawili. Nadhani hizo ndizo siku pekee katika utoto wangu ambazo sikumwonea wivu, kwa sababu tulinuka sawa.

Gari la sabuni lilifika likiimba kwa kipaza sauti, na watoto wa Makambako wote wakalikimbilia. Bwana mwenye kamera alikuwa kijana wa suruali pana, nywele zake zimepasuliwa njia upande mmoja. Tulipangwa mstari karibu na kituo cha mabasi, akapita akiinua videvu kwa kidole. Alipofika kwetu alisimama. Pua yake ilicheza.

"Hapa kuna mtu anapika?" alimuuliza dereva wake.

"Hapana, bwana," alisema Yudita. "Ni sisi."

"Ninyi mmefanya nini?"

Yudita alikuwa amelelewa kumjibu mtu mzima ukweli. "Tumeoga maji ya kunde ili tuwe maji ya kunde."

Yule bwana aliketi kwenye ngazi ya gari lake. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akamwita dereva amsikie, dereva akatuomba turudie, Yudita akarudia. Ndipo bwana akajifuta macho na kutueleza, bila ubaya wowote, kwamba maji ya kunde ni rangi tu, ni sifa, na mtu huzaliwa nayo.

"Huyu, kwa mfano, anayo," alisema akimwonyesha Yudita. Kidole chake kikasogea kwangu, kikasita, kikarudi mfukoni. Alikuwa mtu mwenye adabu.

Yudita aligeuka kunitazama. Nilimwona akipanda. Hakusogea mahali, lakini nilimwona akipanda kutoka kwenye debe lile tulilokuwamo wote wawili mpaka juu, kwenye bati, akiniacha chini na harufu yangu. Sijui kama kuna wivu mkubwa kuliko ule wa kumwonea mtu aliyekuwa sawa na wewe dakika iliyopita.

Alikalishwa kwenye kigoda, akapewa sabuni aishike shavuni. Upepo ulikuwa mkali na mkono wake ukatetemeka. Bwana alimwambia atulie, hakuweza. Alimwambia avute pumzi, ikawa mbaya zaidi.

"Wewe mwenzake, njoo," aliniita. "Simama nyuma yake, pitisha mkono hapa, shika sabuni. Naona wewe hutetemeki."

Sikutetemeka. Nilisimama nyuma ya Yudita kama ukuta, mkono wangu ukatokea mbele, nikaishika sabuni iliyonukia maua ambayo hayaoti kwetu. Nilisikia joto la shavu lake kwenye vidole vyangu. Nilitamani kulisukuma.

Miezi ilipita. Kisha Mhindi akaletewa kalenda na kuitundika chini ya bati, na Fundi Shomari akatuma watu watuite. Juu yake palikuwa na msichana, kichwa kimeinama kidogo, shavu kwenye sabuni, picha imekatwa chini kidogo ya kiuno. Njombe nzima ilisema ni Yudita. Walikuwepo waliosema shingo imezidi, na mama yangu alishangaa mwanya umekwenda wapi, lakini fundi alieleza kwamba wachapaji wa siku hizi hurekebisha, kama yeye anavyorekebisha magauni. Wote wakaridhika. Hakuna aliyetaja mkono.

"Mkono ni wangu," nilisema.

Fundi aliutazama mkono wa kwenye kalenda. Vidole vilikuwa vyembamba, kucha nyekundu kama pilipili zilizoiva. Akautazama wangu.

"Binti," alisema polepole, "mkono huu wa kwenye karatasi umepata kushika jembe?"

Walicheka wote, bila ubaya, na kicheko kisicho na ubaya ndicho kigumu kukisahau. Lakini nilijua. Walikuwa wameupunguza. Uso wa Yudita waliupunguza kidogo tu na akabaki Yudita. Mkono wangu ulipunguzwa mpaka mimi nikaisha.

Baada ya hapo nilifunga mkanda wa baba kiunoni, chini ya gauni, nikawa naukaza kila asubuhi. Mama aliona ninavyojikunja, akadhani nina minyoo, akaninywesha mafuta ya mbarika. Nikaacha kumaliza viazi vyangu, akaongeza mafuta. Sikuthubutu kumwambia kwamba ninatafuta kiuno, kwa sababu neno hilo kwake lilikuwa mahali pa kufungia mtoto. Yudita naye alianza kufanana na picha. Aliinamisha kichwa akizungumza na watu, na akacheka mdomo umefungwa, ule mwanya tusiuone tena. Hata kwa hilo nilimwonea wivu. Alikuwa na kitu cha kuficha.

Tulikua. Mwingereza aliondoka, mimi nikaenda kusoma mbali, Yudita akaolewa Makambako na mwalimu wa shule ya msingi, mtu mtaratibu, wakajenga hukohuko, mtaa wa Lyamkena. Watu walisema mwalimu alimpenda kwenye kalenda kabla hajamwona kwa macho. Yudita mwenyewe aliamini hivyo. Kalenda ilikatwa tarehe zake, ikawekewa fremu, ikatundikwa sebuleni mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Kila nilipowatembelea nilikaa kwenye kiti kilekile kilichotazamana nayo, nikinywa chai na kuutazama mkono.

Wakati huo sikukubali kwamba nina wivu. Nilikuwa na msimamo. Niliandika makala juu ya wanawake wa kwenye matangazo, nikawaita bandia, nikawaita sumu, na kila nilipoandika "bandia" nilikuwa namwona msichana mmoja tu.

Likizo moja, miaka michache iliyopita, nilimkuta Yudita jikoni akiwa amejifunika kanga mpaka machoni. Alipoifungua niliona mashavu yake, mekundu sehemu moja, meusi sehemu nyingine, yamechubuliwa na krimu za dukani.

"Unajiua," nilimwambia.

"Ninajirudisha."

"Kwa nani?"

Alielekeza kidevu sebuleni. "Mwalimu alimwoa yule wa ukutani. Kila siku anakaa chini yake anasahihisha madaftari, akiinua macho anamwona yule, akiyashusha ananiona mimi. Sasa hivi hajasema kitu. Siku atakapofananisha, mimi nitakuwa mgeni wa nani?"

Nilimpa mhadhara. Ulikuwa mzuri, ulikuwa na historia na uchumi ndani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho akikoroga ugali, kisha akaniambia kwamba mimi siwezi kuelewa kwa sababu sikuwahi kuwa mzuri, akaniomba radhi papo hapo, nami nikasema haidhuru. Nilirudi chuoni. Aliendelea na krimu zake, nami nikaendelea na makala zangu.

Wiki iliyopita simu ya nyumbani ililia jioni, laini ikikwaruza. Ilikuwa inatoka posta ya Makambako.

"Kamwene, dada," Yudita alinisalimu kwa Kibena.

"Kamwene. Nani amefariki?" Simu za kwetu huwa hazina kazi nyingine.

"Hakuna. Nilikwenda Lugarawa hospitali, kumwona wifi yangu aliyelazwa. Nimetuona."

"Umemwona nani?"

"Sisi. Wa kwenye kalenda."

Alinieleza polepole, ili laini isimmeze. Kwenye kitanda cha jirani palikuwa na mama anayemuuguza mjukuu. Wakapiga soga. Mama yule akasema alikulia Iringa, na usichanani alipigwa picha na watu wa gari la sabuni. Yudita akamwambia hata yeye alipigwa. Yule mama akafungua mkoba, akatoa picha aliyopewa na mpiga picha mwenyewe. Ilikuwa ileile, shavu lilelile, kichwa kimeinama vilevile, ila hii haikukatwa.

"Na mkono?" niliuliza.

"Wake mwenyewe. Yupo mzima hadi miguuni, dada. Na ni mnene. Siku ileile anapigwa picha alikuwa mnene. Kile kiuno walimchonga, na shingo wakaivuta. Picha yetu sisi sijui waliitupa wapi."

Nilikaa kwenye mkono wa kochi. Nusu ya maisha yangu nimeugombea mkono wa mwanamke nisiyemjua. Nilipaswa kuuliza jambo la maana, nina elimu ya kutosha kwa hilo, lakini swali lililonitoka lilikuwa hili: "Ni mzuri?"

"Sana," alisema Yudita. "Mpaka leo."

Ilinichoma, nakiri. Kisha nikakumbuka ni nani hasa mwenye hasara katika habari hii.

"Mwalimu umemwambia?"

"Nilimwambia nilipofika tu, hata mkoba sijauweka. Niliona bora anifukuze nikiwa bado na nauli."

"Akasemaje?"

"Alisema anajua."

"Anajua nini?"

"Kwamba si mimi. Anasema alijua tangu siku ya kwanza, ana macho. Nikamwuliza, sasa miaka yote hii umeweka ukutani mwanamke wa watu kwa nini? Akaniambia, 'Ulikuja nayo wewe kwenye sanduku lako. Mimi nilipigilia msumari tu.'"

Laini ilikwaruza. Nilidhani imekatika, kumbe alikuwa anacheka.

"Halafu?"

"Halafu akauliza kama nimekula."

Nilimwambia nimefurahi sana, na nilifurahi. Mtu wa posta alimhimiza, wengine wanasubiri, akaniaga haraka haraka akakata. Nilibaki na mkono wa simu sikioni, mama mzima mwenye shahada zangu, nikimwonea Yudita wivu upya tangu mwanzo, na safari hii hapakuwa na picha yoyote ya kuisingizia.